Watu wananisifia mwili lakini chakula kimenishinda, huu ni ugonjwa au najidekeza?

shati_mwilini

Habari zenu wakuu, mimi ni msomaji wa kimya hapa siku nyingi, leo naandika haraka kabla sijaghairi. Ni mwanaume, gei, nina mwenza na tunaishi pamoja. Zamani nilikuwa mnene kidogo, sio sana, ila kwenye hizi aplikesheni za kudeti unatuma picha moja tu mtu anapotea, haagi wala nini. Basi nikaanza jimu, nikaacha hiki nikaacha kile, mwili ukabadilika, na wale wale waliokuwa wananipita kama hawanioni wakaanza kunisalimia. Sasa niambieni nani ataacha kitu kinachomletea salamu.

Tatizo sijui pa kusimama. Mchana kutwa sili najiambia ni nidhamu, halafu usiku mwenza wangu akishalala naenda jikoni, taa siwashi natumia mwanga wa friji, nakula nimesimama na mlango wa friji wazi, chochote kilichopo hata kama kina ubaridi na hata kama sikipendi mpaka tumbo linauma, kisha navipanga vilivyobaki visambae ili asione pengo. Asubuhi najichukia, nafidia kwa mazoezi na njaa, usiku inarudi vile vile. Nikialikwa mahali pa kula natunga udhuru. Hata kitandani nataka giza, na shati silivui, mwenzangu anafikiri simtaki tena. Juzi kaniuliza kwa upole "unaumwa?" nikageuza stori.

Sasa naomba kujua, hivi mtu ambaye hajakonda anaweza kuwa na tatizo la ulaji kweli? Mana nikijiangalia niko kawaida, na watu wanasema niko vizuri. Na jingine, naogopa daktari, mana atauliza maisha yangu na mimi sitaki kujieleza nampenda nani kwa mtu nisiyemjua ndo nisaidiwe mambo ya chakula. Wale wa "kula tu kaka" nawajua, piteni tu kwa amani.

Bushuti

Karibu mdogo wangu. Mimi ni gei pia ila umri umenitupa mkono kidogo, kwa hiyo nimeona misimu mingi ya hii kitu.

Hilo la salamu umeliweka vizuri kuliko wewe mwenyewe unavyojua. Mwanaume anayependa wanaume anabeba mzigo wa pande mbili, anataka kutamaniwa na mwanaume na wakati huo huo yeye mwenyewe ni mwanaume, kwa hiyo ule mwili anaoutamani kwa mwenzake ndo huo huo anaupimia wa kwake. Kila picha unayoipenda inageuka kuwa mtihani wako. Fungua profaili za watu usome, wanene wasinitafute, wenye madaha ya kike wasinitafute, wanaandika hivyo mchana kweupe halafu wanasema ni chaguo langu tu. Watu hao hao wamefukuzwa makwao kwa sababu ya kuwa walivyo. Inaniudhi sana hii, acha niseme.

Na wengi hamjui ilikotoka sehemu ya hii misuli. Kabla ya dawa mchanganyiko za HIV kuanza kufanya kazi mwaka 1996, mwanaume gei akikonda watu wananong'ona, tayari huyo. Kukonda kulikuwa hukumu. Wagonjwa wengine waliandikiwa homoni na steroidi na madaktari ili mwili usiishe, na hata wasioumwa wakajenga vifua, mwili uliojaa ukawa ndo cheti cha kwamba uko salama. Dawa zimekuja, hofu imepungua, kipimo cha kifua kimebaki pale pale na vijana wamekirithi bila kujua ni cha nini.

Halafu usifikiri ugonjwa ni wa kukonda tu. Harrison Pope, daktari wa akili Marekani, yeye na wenzake mwaka 1993 waliandika juu ya wanyanyua vyuma wenye misuli ya kutisha ambao kwenye kioo wanajiona wadogo wanyonge, wanavaa manguo makubwa kujificha, wanakataa kwenda ufukweni. Waliita anoreksia ya kinyume, mana anoreksia ni ule ugonjwa wa kujinyima chakula mpaka unakonda, baadaye 1997 ikapewa jina lake lenyewe la dismofia ya misuli. Ukisoma shati lako kitandani nadhani unaona ninapoelekea.

Wapo waliojaribu kutoka. San Francisco miaka ya 1980 wanaume wanene wenye ndevu na vinyweleo walichoka wakajiita dubu, wakafungua sehemu zao, 1987 wakawa na jarida kabisa. Ilisaidia watu wengi sana na inasaidia mpaka leo, ingawa na huko siku hizi kuna unene unaotakiwa na unene usiotakiwa, lazima uwe umekaa mahali fulani na ndevu ziwe nzito. Binadamu bana, hatukosi pa kubaguana.

hoja_kavu

Samahani lakini mimi sielewi u-gei unaingiaje hapa. Chakula ni chakula, mtu yeyote anaweza kula usiku. Kila kitu mnakipeleka kwenye LGBTQ ndo maana watu wanachoka.

dada_wa_dirishani

@hoja_kavu ni kweli yeyote anaweza kula usiku na hakuna aliyesema ni ugonjwa wetu peke yetu. Ila tafiti nyingi zimekuta mara kwa mara kwamba kwetu uko juu kuliko kwa wengine, na sababu sio kwamba kuna kitu kibovu ndani yetu. Ilan Meyer alishalieleza hili vizuri mwaka 2003, msongo wa walio wachache. Ukiacha stresi za kila mtu za kazi na kodi, unaongezewa ya kutukanwa, ya kusubiri kutukanwa, ya kuficha, na ile mbaya kuliko zote ya kuanza kuamini wanachosema juu yako. Stresi hiyo haina likizo, na mwili ndo kitu kilicho karibu cha kuadhibu.

Mimi napenda wanawake. Kuna stori inazunguka kwamba sisi tumesalimika, kwa vile hatuwatafuti wanaume basi hatuna habari na uzito. Uongo. Labda baadhi wanapata nafuu ya aina fulani, lakini kufakamia chakula kwa siri kumejaa kwetu na hakuzungumzwi kwa sababu picha ya mgonjwa iliyoko vichwani mwa watu ni binti mwembamba anayekataa sahani. Kwangu mezani ndo palikuwa mahakamani. Ndugu wote wamekaa, chakula kimepakuliwa, na kabla sijameza la kwanza shangazi ameuliza utaolewa lini, huyu rafiki yako mbona haondoki, mbona unavaa hivyo. Siwezi kunyanyuka mana nitaonekana nina jeuri. Kwa hiyo nilijifunza kutokula mbele za watu, nacheza na kijiko tu, halafu nikiwa peke yangu chumbani nakula mpaka nashindwa kuhema, na ndo wakati pekee wa siku hakuna anayenihoji. Mtu akija kuniambia hapo punguza sukari fanya dayati, amenisaidia nini? Amenirudisha mahakamani tu.

Kwa hiyo @shati_mwilini ndugu yangu, ukienda kutafuta msaada usikubali wakupe dayati. Dayati ni mchana wako wa njaa ulioandikwa kwenye karatasi.

nesi_wa_zamu

Nimesoma yote. Mimi ni nesi, sio daktari, na siwezi kumpima mtu kupitia simu, ila swali la kwanza naweza kulijibu bila kusita: ndio, na tena wengi wa wenye bulimia, yaani kufakamia kisha kufidia kwa kujitapisha, njaa au mazoezi, na wa kufakamia peke yake wana uzito wa kawaida au zaidi. Kufakamia kumepewa nafasi yake kama ugonjwa unaojitegemea kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, mwaka 2013 tu, kabla ya hapo watu walikuwa wanarudishwa nyumbani wakaongeze nia. Kwa mizani peke yake hatujui nani anaumwa.

La pili, naona unachukulia mchana kama upande wako mzuri na usiku kama upande mbaya. Ni kitu kimoja hicho. Kati ya 1944 na 1945 Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys alichukua wanaume 36 wenye afya njema, walikuwa wamekataa kwenda vitani kwa imani zao wakajitolea kwa utafiti, wakapunguziwa chakula kwa karibu miezi sita. Hawa hawakuwa na shida yoyote na miili yao. Baada ya muda wakawa hawawazi kingine ila kula, wanasoma vitabu vya mapishi usiku, wanalamba sahani, wanasikia baridi, wanagombana, hamu ya mapenzi ikawaisha. Na waliporuhusiwa kula wengine walikula kupita kiasi mpaka wakaumwa na bado wanasema njaa haijaisha. Kwa hiyo yale ya kwenye friji usiyaite ukosefu wa nidhamu, ni mwili ulioshindishwa njaa unadai chake, na usiku ndo hakuna wa kuuzuia. Hata ile ya kutotaka kuguswa, sehemu yake inaweza kuwa njaa tu.

Ndo maana tiba ya mazungumzo inayotumika sana kwa mambo haya, ile iliyoendelezwa na Christopher Fairburn kule Oxford, haianzi na kupigana na usiku. Inaanza na mchana. Kula kwa saa, milo mitatu na vitu vidogo katikati, usipitishe zaidi ya kama masaa manne bila kitu tumboni, hata kama jana usiku ulifakamia, na hasa kama jana usiku ulifakamia. Inatisha mwanzoni najua. Wengi wanaona mawimbi ya usiku yanaanza kupungua nguvu yenyewe, ingawa sio wote na mara nyingi unahitaji mtu wa kukushika mkono.

Kuna maswali matano ya Waingereza ya mwaka 1999 tunayatumia kuchuja, yanaitwa SCOFF. Huwa unajitapisha ukijisikia umeshiba vibaya? Unahofia umepoteza uwezo wa kujizuia kwenye kula? Umepungua zaidi ya kama kilo 6 ndani ya miezi mitatu? Unajiona mnene wakati wengine wanasema umekonda? Unaweza kusema chakula kimetawala maisha yako? Ukijibu ndio mara mbili au zaidi nenda ukaangaliwe vizuri. Haimaanishi tayari unaumwa, inamaanisha usikae nalo peke yako.

Kuhusu daktari, wewe ndo unashika funguo. Unaingia unasema "nashinda njaa mchana, usiku nakula bila kuweza kujizuia, nafidia kwa mazoezi, naomba nipimwe damu na moyo". Inatosha kabisa. Mwenza wako ni nani sio sharti la kupimwa potasiamu, ile chumvi ya damu inayoendesha moyo. Ukishafika kwa mtu wa mazungumzo hapo itabidi siku moja useme, kwa sababu hadithi yako bila hiyo sehemu haieleweki, lakini unaweza kumpima yeye kwanza, muulize anatunzaje siri, kumbukumbu zake zinasomwa na nani, amewahi kufanya kazi na watu wa LGBTQ. Akijikunja uso umepata jibu lako unatafuta mwingine. Na kama unaishi mahali ambapo kujulikana ni hatari, swali la siri liulize kabla ya kutaja chochote.

Kwa wote wanaosoma: kuzimia, moyo kurukaruka, maumivu ya kifua, kutapika damu, hayo hayasubiri miadi. Wanaojitapisha potasiamu inashuka na moyo unaweza kusimama hata kwa mtu anayeonekana mzima. Na aliyekaa bila kula siku nyingi asirudi kwa sinia zima kwa mpigo, chumvi za damu kama fosfeti zinaporomoka na hiyo imeua watu, hapo ni hospitali.

tai_mdogo

Mimi nina nyongeza kwa sababu kila mara tukiongea haya sisi watu wa trans tunabaki mkiani. Ni mwanaume trans, yaani nilizaliwa nikaitwa binti. Balehe ilipokuja nyonga zikaanza kutanuka na kila mtu ananipongeza nimekuwa binti, mimi ndani nafa. Kujinyima kwangu hakukuwa kutaka uzuri hata kidogo, nilitaka ule mwili usimame usiendelee. Nilichopata ni mifupa ya mzee kwenye umri wa ujana na mpaka leo natibiwa.

Nikapelekwa kwa mtaalamu. Huyo mama alikuwa mwema wala simlaumu kwa nia, ila kila kikao ni jifunze kuupenda mwili wako, simama mbele ya kioo useme mimi ni mwanamke mzuri. Jamani. Nikawa naitikia ili niondoke. Hakuna aliyewahi kuniuliza hiki unachokikimbia ni unene au ni kitu kingine, na hilo swali moja ndo lingeokoa muda wangu wote. Kwa wenzangu wa upande wa pili pia ipo, wanawake trans wanaotaka kuwa wadogo, mabega yapungue, wasionekane wanachukua nafasi.

Na vipimo vyenyewe vilitengenezwa bila sisi. Mpaka 2013 mwongozo huo wa DSM kwa mwenye kupata hedhi ulidai hedhi iwe imekatika ndo iitwe anoreksia. Mwanaume kama wale wa @Bushuti kipimo hicho hakimgusi, na aliye kwenye testosteroni, homoni ya kiume, hedhi imekatika kwa dawa kwa hiyo huwezi kujua lolote. Halafu mwaka 2015 ulitoka utafiti wa wanafunzi wa vyuo Marekani, karibu wanafunzi 290,000, wa trans karibu asilimia 16 walisema walishaambiwa na daktari wana tatizo la ulaji mwaka huo uliopita, na wanawake wasio trans wanaopenda wanaume hawakufika asilimia 2. @hoja_kavu soma hizo namba mbili polepole.

Homoni zilinisaidia sana kichwani, ila msidanganyike zinafuta kila kitu. Testosteroni ilinifungulia njaa ambayo sikuwahi kuijua, mizani ikapanda na yule mzee wa zamani kichwani akaamka tena. Na baadhi ya madaktari wa upasuaji wana kikomo cha BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ukizidi hawakufanyii, kwa hiyo mtu aliyepona anaambiwa rudi ukapungue ndo tukusaidie, sijui kama huwa wanajisikia wanachosema.

Jambo la mwisho. Kwa vijana tiba inayosifiwa sana ni ile iliyoanzia hospitali ya Maudsley London, wazazi ndo wanasimamia kila mlo mpaka mtoto apate nguvu. Nzuri, kama una wazazi. Mimi wangu walishanifungia mlango. Alikuja kukaa na mimi kwenye milo rafiki yangu wa chumba, mtaalamu wangu wa pili alimkubali kama familia bila maswali, na hapo ndo nilianza kupanda. Kwa hiyo mkienda huko ulizeni kama mnaweza kuja na watu wenu, ndugu wa damu au la.

jirani_wa_friji

Mimi niko upande wa mwenza wa huyu kaka, mke wangu amepitia, sisi ni wanawake wawili. @shati_mwilini, yeye anajua. Huenda hajui ni nini ila anajua kuna kitu, vyakula havisambazwi hivyo halafu mtu unayeishi naye akadhani havijaguswa. Mimi nilikaa kimya nikifikiri namheshimu, na yeye akadhani sijali.

Ukimwambia mpe na kazi ya kufanya, la sivyo atageuka polisi. Kwetu ilikuwa hivi, sihesabu alichokula, sisifii amependeza amepungua wala simwambii "mbona uko sawa tu", tunakula pamoja mezani na tunaongea mambo mengine kabisa, kisha baada ya kula tunakaa dakika kadhaa tunaangalia hata upuuzi kwenye simu mana ndo muda mgumu kwake. Na suala la giza chumbani mwambie waziwazi halihusiani na kumtaka au kutomtaka. Hilo lilinila mimi ndani kuliko yote na angenieleza kwa sentensi moja ningelala usingizi.

shati_mwilini

Daah. Sikutegemea. Nimejibu hayo maswali matano ya nesi, ndio zimefika tatu. Jana usiku nilimwonyesha mwenza wangu huu uzi badala ya kuongea mana mdomo ulikataa, akausoma wote kimya halafu akasema hilo la kupanga vyakula alishaliona muda mrefu, @jirani_wa_friji umenimaliza. Kasema atanisindikiza nikapimwe.

Kimebaki kimoja, jimu niache? Hapo ndo marafiki zangu wote wako, nikiondoka pale sijui nitakuwa na nani.

nesi_wa_zamu

Simama kwanza mpaka vipimo vya damu na moyo vitoke, hilo sina mjadala nalo. Baada ya hapo mtaamua na daktari. Cha kujichunguza ni hiki, ukikosa siku moja unapata huzuni ya kawaida au unapata hofu na unakata chakula kufidia? Unaenda hata ukiwa na homa au umeumia? Kama ndio basi mazoezi nayo ni sehemu ya ugonjwa na yatarudi baadaye kwa kiasi, pamoja na chakula cha kuyabeba. Marafiki waambie unapumzika kwa sababu za kiafya, usitoe maelezo zaidi, halafu waone nje ya pale.

Bushuti

Na wasipotaka kuonana nje ya pale njoo uniambie, kuna watu nitakukutanisha nao, wengine hata kamba ya viatu kuifunga ni shughuli lakini kwa stori hawana mpinzani.